Mzinga Wenye Mkanda Mwekundu

Kila Alhamisi, vipindi viwili vya mwisho kabla ya chakula cha mchana, darasa letu la saba lilishuka ngazi kwenda karakana. Karakana iko chini kabisa ya shule, na madirisha yake yako usawa wa majani, kwa hiyo ukipiga randa unaona miguu tu ya watu wanaopita nje. Tangu darasa la tano tulikuwa tumetengeneza kitu kimoja tu humo: ubao wa kutundikia funguo. Unapewa ubao, unaupiga msasa mpaka mkono unakufa ganzi, unapigilia kulabu nne, unapewa alama, mwaka unakwisha. Kwetu nyumbani tulikuwa na mbao mbili za funguo, na mlango mmoja.

Sitaki kumsema vibaya mwalimu wetu wa zamani, maana alikuwa mpole na alikuwa karibu kustaafu. Lakini ukweli ni kwamba tulikuwa tunasinzia. Jošt, mvulana wa meza ya pili, alikuwa na kipaji cha kulala huku mkono wake ukiendelea kupiga msasa.

Septemba akaja Mwalimu Hribar. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti nzito, na kabla ya kuwa mwalimu alikuwa ametengeneza madirisha kiwandani kwa miaka kumi na minne. Siku ya kwanza alituonyesha jinsi ya kushika msumeno bila kujikata. Siku ya pili tulikuta mzinga mkuukuu wa nyuki juu ya meza yake, mlango wake wa nyuma ukiwa wazi, na ndani fremu moja tu ya mbao.

"Nani ana nguvu hapa?" akauliza. "Aje anitolee hii fremu."

Kazi rahisi, tukadhani. Katika bonde letu hakuna mtoto asiyejua mzinga. Tunaipanga mizinga ndani ya nyumba ndogo ya mbao, mmoja juu ya mwingine. Nyuki wanaingilia mbele, mfugaji anafungulia nyuma, na fremu zinasukumwa ndani kama vitabu kwenye rafu. Jošt akajitokeza kwa madaha, akashika fremu, akavuta. Haikutikisika. Akaweka mguu mmoja mezani, akavuta tena mpaka masikio yakawa mekundu. Wakaja wengine watatu wakamshika kiunoni. Meza ilisogea, mzinga ulisogea, fremu ilibaki palepale. Darasa zima lilikuwa limesimama likipiga kelele, na hakuna aliyekumbuka kusinzia.

"Acheni, mtanivunjia kumbukumbu yangu," sauti ikasema mlangoni.

Alikuwa bibi yangu, Bibi Cilka. Bustani yake iko ng'ambo ya barabara, mkabala na shule, na humo kuna nyumba yake ya nyuki. Kumbe Mwalimu Hribar alikuwa amemwalika.

"Aliyetengeneza sanduku hili alikosea nafasi ya juu," Bibi akaeleza. "Juu ya fremu unatakiwa uache milimita nane, nyuki apite. Yeye aliacha tatu. Nyuki hapiti kwenye tatu, kwa hiyo anaziba. Ana gundi yake mwenyewe, anaikusanya kwenye machipukizi ya miti. Na ukishagundishwa na nyuki, wanangu, hata farasi hakutoi."

"Na mtu akiacha nafasi kubwa mno, Bibi?" Jošt akauliza.

"Wanajenga masega humo. Ukifungua mlango, asali inakumwagikia mpaka kwenye viatu."

"Kwani huyo fundi alikuwa nani?"

"Marehemu mume wangu," Bibi akajibu bila kupepesa macho. "Alipiga kodiani vizuri sana."

Tulicheka mpaka machozi yakatutoka. Mwalimu Hribar alingoja tumalize, kisha akampa kila mmoja wetu fremu moja mpya.

"Mwaka huu kila mmoja atatengeneza mzinga," akasema. "Alama sitatoa mimi. Watatoa nyuki. Wakiingia na kukaa, umepata tano, alama ya juu kabisa. Wakigoma, mtajuana wenyewe."

"Mwalimu, vipimo viko wapi?" Jošt akauliza.

"Umevishika mkononi."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Ukimuuliza swali, alikurudishia swali. Tulianza na maboksi ya karatasi ngumu, tukapima, tukakata, tukakosea, tukapima tena, na Januari ndipo tulipogusa mbao za msonobari. Ukiharibu ubao hakufoka. Alikichukua kile kipande, akakipigilia ukutani kwa msumari mmoja, akasema, "Sasa tunajua." Kila kipande kiliandikwa jina la mwenyewe. Kufikia mwisho wa Machi ukuta ulikuwa na vipande kumi na tisa, na watu walikuwa wakienda mapema karakana ili kuvitazama na kubishana. Jošt alikuwa navyo vitano, na alivionea fahari kama medali.

Mimi, Brina, sikuwa na hata kimoja. Nilipenda iwe hivyo, na sikuacha mtu asahau.

Kulikuwa na kanuni moja nyingine. Mwalimu alikuwa na fremu aliyoipaka rangi nyekundu nchani. Ukimaliza mzinga wako, unaiingiza fremu nyekundu. Ikiteleza vizuri na ikaacha nafasi ya milimita nane juu, unaandika jina lako kwenye karatasi ya ukutani. Unaandika mwenyewe. Hakuna anayekusimamia. Baada ya hapo unapewa kibao cha mbele, ukichore.

Kibao hicho ndicho nilichokuwa nakitamani. Kwetu kila mzinga una kibao cha mbele chenye picha, na wapita njia husimama kuzitazama. Picha inayopendwa ni ile inayomcheka mtu: dubu anamnyoa mwindaji, washona nguo wanamkimbia konokono. Mimi ndiye niliyekuwa nachora vizuri kuliko wote darasani, na hilo silisemi kwa kujisifu, lilijulikana tu.

Tena kulikuwa na ahadi ya Bibi. Nyumba yake ya nyuki ina nafasi kumi na mbili, na moja ilikuwa wazi tangu babu afariki. "Bumba la kwanza la nyuki litakalohama Mei ni lako," aliniambia, "kama mzinga wako utakuwa tayari. Usipokuwa tayari, nampa jirani yangu Lojze. Yeye ana mzinga mtupu na ananisumbua tangu baridi iishe." Nyuki wangu mwenyewe! Niliota hilo kila siku. Nilikuwa nimeshafikiri hata majina, ingawa nyuki elfu kumi huwezi kuwapa majina.

Sasa nije kwenye kosa langu.

Rula za karakana yetu zilikuwa zimelika mwanzoni, sifuri ilikuwa haionekani. Kwa hiyo Mwalimu alitufundisha kuanzia kwenye moja, na mwisho wa kipimo kuongeza moja. Ni jambo dogo, hata mtoto wa darasa la kwanza analiweza. Lakini Alhamisi ile ya Aprili kichwa changu kilikuwa kwenye kibao, nikiwaza kama taji la malkia wa nyuki lipakwe njano au dhahabu. Nilianzia kwenye moja. Sikuongeza moja. Nikakata mbao zote za ubavuni, na ya mbele nikaikata kwa kufuata zile za ubavuni, nikafunga kila kitu kwa skrubu, na nikaketi nikiwa nimejawa na furaha.

Kisha nikachukua fremu nyekundu. Iligonga dari, ikagoma. Mzinga wangu ulikuwa mfupi kwa sentimita moja nzima.

Nilitazama huku na huku. Mwalimu alikuwa dirishani akimsaidia msichana mmoja na jiliwa, kile kibanio cha mezani, iliyokwama. Jošt alikuwa anapuliza vumbi la mbao kutoka kwenye pua yake. Ningeweza kuinua mkono. Kipande changu kingetundikwa ukutani, wangenicheka kidogo, nami ningefungua mzinga na kuurudia. Lakini ningepoteza wiki mbili au tatu, na Mei ilikuwa inakaribia. Na, kusema kweli, niliona aibu. Jošt angefurahi mno.

Basi nikazichukua fremu zangu kumi, nilizokuwa nimezitengeneza kwa kipimo cha ile ya Mwalimu, nikazipiga randa, juu kidogo na chini kidogo, moja baada ya nyingine, mpaka zote zikaingia na nafasi ikaonekana kuwa sawa. Maranda nikayafagia. Halafu nikaenda ukutani nikaandika: Brina. Jina la kwanza kwenye karatasi.

"Umemaliza?" Jošt akanishangaa. "Fremu nyekundu imeingia?"

"Kwani hujui kusoma?" nikamwambia, nikamwonyesha jina.

Mwalimu alinipa kibao. Nilichora malkia mwenye taji la dhahabu, na chini yake jina langu kwa herufi za kupinda. Wote walisema ni kizuri. Lakini mimi, kila nikikitazama, nilizikumbuka zile fremu kumi, na sikukimalizia.

Mei ikafika na jua lake. Alhamisi moja, wakati wa mapumziko ya saa nne, tulikuwa uani tunakula mkate tukasikia mngurumo kutoka upande wa bustani ya Bibi. Wingu la nyuki lilivuka barabara, likazunguka juu ya paa, likashuka polepole kwenye sehemu ya kuegeshea baiskeli. Likachagua baiskeli moja kati ya thelathini. Dakika chache baadaye usukani wa baiskeli hiyo haukuonekana tena. Palikuwa na bumba la kijivu na kahawia, kubwa kama mkungu, likining'inia na kutetemeka.

"Hiyo si yangu," Jošt akasema. Akatazama vizuri. "Mama yangu! Ni yangu!"

"Leo utarudi nyumbani na abiria," mtu akamwambia.

Walimu walituamuru tusimame kwenye ngazi, mbali. Nyuki wetu wa kijivu ni wapole wakiwa kwenye bumba, lakini mpole naye ana mwiba. Bibi Cilka akaja na sanduku jepesi na chupa ya kunyunyizia maji, bila haraka, aproni yake ikiwa bado na unga wa ngano. Akawanyunyizia, akaweka sanduku chini ya usukani, akaipiga baiskeli kofi moja zito. Bumba lote likaanguka sandukuni kwa kishindo kidogo. Shule nzima ikashangilia.

"Bumba la kwanza la Mei!" Bibi akaita, akinitafuta kwa macho. "Brina! Mzinga wako vipi?"

"Uko tayari," Mwalimu Hribar akajibu kwa niaba yangu. "Yeye ndiye wa kwanza ukutani."

"Basi saa kumi na mbili jioni tunawaingiza. Nitatoa fremu moja yenye majana kutoka kwenye mzinga wangu wa tatu. Wakikuta watoto ndani hawaondoki, hata kama watoto si wao."

Fremu ya Bibi! Ilikuwa fremu kamili, kama zilivyo fremu zote za bonde hili, na ingekuwa imejaa majana na nyuki wakiyatunza. Bibi angeisukuma ndani ya mzinga wangu kwa kujiamini, kama alivyosukuma fremu maelfu, nayo ingegonga dari, na nyuki waliokaa juu yake wangesagwa. Kwetu ng'ombe hufa na mbwa hufa, lakini nyuki hufariki, kama mtu. Tunasema hivyo tangu utotoni, na sikuwahi kujiuliza kwa nini. Siku hiyo nilijua.

"Bibi, haitaingia," nikasema.

"Nini haitaingia?"

"Fremu yako. Mzinga wangu ni mfupi."

Bibi akacheka. "Mfupi vipi, na fremu zako zimo?"

"Fremu zangu nilizipiga randa."

Nilimsikia Jošt nyuma yangu: "Zote kumi?"

"Zote kumi."

"Wewe?" akasema, na hakucheka. Afadhali angecheka.

Mwalimu Hribar alishuka ngazi mpaka akawa mbele yangu. "Ni mfupi kwa kiasi gani?"

"Sentimita moja, Mwalimu. Nilianzia kwenye moja."

"Ukasahau kuongeza. Ulijua lini?"

Hapo ndipo nilipotaka ardhi inimeze. "Kabla ya kuandika jina langu."

Hakuwa na hasira, na hilo liliniuma zaidi. "Hilo la jina tutaliongea baadaye," akasema. "Nyuki hawangoji maongezi. Unataka kufanya nini?"

Nilimgeukia Bibi. Uso wake ulikuwa mgumu, ingawa mikono yake ilikuwa imelishika sanduku kwa upole uleule. "Saa kumi na mbili kamili," akasema. "Nyuki wakikaa sandukuni mpaka kesho watakuwa wamechoka na wenye njaa. Kama mzinga haupo, nawapeleka kwa Lojze. Mjukuu ni mjukuu na nyuki ni nyuki." Akageuka, akavuka barabara na bumba langu.

Tuliposhuka karakana kitu cha kwanza nilichofanya ni kuchukua kifutio na kulifuta jina langu. Kisha nikauweka mzinga juu ya meza, nikautazama. Kuutengeneza upya wote, haiwezekani. Kurefusha mbao, hakuna awezaye kurefusha mbao. Lakini dari ilifungwa kwa skrubu tu.

"Mwalimu," nikasema, "nikiiondoa dari, nikazungushia juu mkanda wa mbao wenye unene wa sentimita moja, kisha nikairudisha?"

"Je, itatosha?" akanirudishia swali.

"Sentimita moja ndiyo iliyopungua."

"Na utatumia mbao gani? Msonobari umekwisha."

Nikapekua pipa la vipande. Palikuwa na mcheri tu, mbao ngumu, nyekundu nyekundu. Juu ya msonobari mweupe ingeonekana hata na mtu aliye barabarani.

"Itaonekana," nikasema.

"Ndiyo," Mwalimu akasema. "Itaonekana."

Nilichukua bisibisi. Nilitegemea kwamba wengine wangeendelea na kazi zao, lakini walikuwa wameizunguka meza yangu. Mmoja akafungua skrubu za upande wa pili, mwingine akaleta msumeno wenye meno madogo. Mvulana mmoja mwenye mikono mikubwa akataka kunikatia. Mwalimu akamzuia.

"Brina atakata. Nyie shikeni."

Jošt akashika ncha ya ubao. "Unaanzia wapi?" akaniuliza kwa sauti ya kimwalimu.

"Kwenye moja."

"Na mwisho?"

"Naongeza moja."

"Sijasikia vizuri."

"Jošt, nitakuchapa na hii rula."

"Ichape kwanza baiskeli yangu, bado ina nyuki wanne."

Wote wakacheka, na mimi pia, nikaanza kukata. Mcheri ni mgumu. Msumeno ulikwenda taratibu na harufu ya mbao ilikuwa tamu. Nilikata vipande vinne, nikavipiga randa. Viwili vikatoka sawasawa. Cha tatu, nilipokipima, kilikuwa sentimita moja upande mmoja na milimita nane na nusu upande wa pili. Saa ilikuwa inakimbia. Kengele ya chakula cha mchana ilikuwa imeshalia, na hakuna aliyekuwa ananitazama wakati huo, maana walikuwa wanapanga skrubu. Milimita moja na nusu, nani angejua?

Nyuki wangejua. "Hiki kimeharibika," nikasema kwa sauti. "Nakata kingine."

Mwalimu Hribar akakichukua kile kibovu, akakipigilia ukutani. Kipande cha ishirini. Akaandika: Brina. Nilishangaa kwamba haikuniuma hata kidogo.

Baada ya chakula waliotaka walirudi. Walirudi wote isipokuwa wawili waliokuwa na mazoezi ya kuogelea. Dari ikafungwa. Mlango wa nyuma ukaongezewa kipande chake. Ilipofika saa tisa na nusu mzinga ulikuwa umesimama wima, na mkanda mwekundu ukiuzunguka juu. Hapo ndipo nilipokumbuka jambo jingine, nikakaa chini kwenye maranda.

"Fremu," nikasema. "Fremu zangu zote ni mbovu. Kumi kwa siku moja siwezi."

Jošt akaenda kwenye mzinga wake, uliokuwa bado hauna mlango. Akarudi na fremu mbili, kila moja imeandikwa jina lake kwa penseli, akaziweka mezani kwangu.

"Hizi nakuazima," akasema. "Na nataka zirudi na asali."

Msichana wa jiliwa akaleta moja. Mvulana wa mikono mikubwa akaleta mbili, na nyingine zikaja. Zilipofika tisa Mwalimu akasema basi, ya kumi ni ya Bibi. Nilizihesabu tena, nikifuta pua kwa mkono wenye vumbi la mcheri.

"Sasa nani anakagua?" Mwalimu akauliza.

"Jošt," nikajibu.

Jošt akaichukua fremu nyekundu, akaisukuma. Iliteleza mpaka mwisho bila kugusa popote. Akapima juu: milimita nane. Akapima tena, makusudi, ili anicheleweshe kidogo. Kisha akaenda kwenye karatasi ya ukutani akaliandika jina langu kwa mwandiko wake mbaya kuliko yote shuleni. Mwalimu Hribar akaugonga mzinga wangu mara mbili kwa kifundo cha kidole. Hakuwa mtu wa kusifu. Alipoigonga kazi yako mara mbili, ulikuwa umesifiwa.

Saa kumi na mbili kasoro robo tulivuka barabara, mimi na Mwalimu na Jošt, tukiwa tumeubeba mzinga. Bibi alikuwa amesimama mlangoni mwa nyumba ya nyuki. Alipitisha kidole chake kwenye mkanda mwekundu, pande zote nne, kisha akatusaidia kuusukuma mzinga kwenye nafasi ile iliyokuwa wazi. Tukapanga fremu tisa. Akafungua mzinga wake wa tatu, akatoa fremu nzito iliyofunikwa na nyuki, akanikabidhi mimi.

"Wewe," akasema.

Nikaisukuma taratibu. Fremu ikaingia. Hakuna nyuki aliyeguswa. Bibi akamimina bumba, nao wakaingia kwa mistari, wakipepea mabawa, kama watu wanaoitana waje waone nyumba mpya.

Tulikaa kwenye benchi, Bibi akatukatia mkate wake mtamu wa kokwa za jozi. Jošt alikula vipande vitatu. Ndipo Mwalimu Hribar akaniuliza, "Unajua kwa nini siwakagui mwenyewe, nikawaacha mwandike majina yenu?"

"Kwa sababu unatuamini."

"Kwa sababu siku moja mtakuwa peke yenu. Kiwandani hakuna aliyekuja kupima dirisha langu. Lilikwenda kwenye nyumba ya mtu nisiyemjua, na aliyekuja kulikagua ni mvua." Akapangusa makombo kwenye magoti. "Kukosea kipimo ni jambo la kila siku kwa seremala, Brina. Leo umeona, kunarekebishika kwa mchana mmoja. Lakini kosa ulilolificha halimaliziki. Linakaa likimngoja mtu mwingine, asiye na habari, ili limuumize. Wewe ulisema mbele ya shule nzima kabla halijamuumiza yeyote. Ilikugharimu aibu. Kumbuka jinsi ilivyokuwa, maana utahitaji kufanya hivyo tena maishani, na safari nyingine hakutakuwa na mwalimu wa kukuuliza."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Kibao chako kimalizie. Lakini mkanda huo usiupake rangi."

Sikukimalizia. Nilimfuta malkia na taji lake kwa msasa, nikaanza upya. Sasa kibao kinaonyesha nyuki wawili waliovaa aproni wakimpima msichana kwa rula, na msichana ana randa mkononi na uso mwekundu kama nyanya. Wapita njia husimama na kucheka. Jošt anasema pua haijafanana, nilistahili kubwa zaidi.

Julai, Bibi aliniita tukague asali. Darasa zima lilikuja, kila mmoja akidai kuiona fremu yake. Nilifungua mlango wa nyuma, nikaitafuta fremu yenye jina la Jošt, nzito kwa asali, iliyokaa humo miezi miwili. Nikamkumbuka babu na kodiani yake, na watoto wanne walioshikana viuno.

Niliitoa kwa kidole kimoja.